Kusafiri na Bunduki Yako Hadi Uganda: Hatua za Kufuata Kabla ya Safari, Njiani na Ukifika

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikishughulikia karatasi za wageni wanaokuja Uganda kuwinda, na swali linalonifikia ni lilelile kwa maneno tofauti. Mtanzania wa Bukoba anataka kuvuka mpaka wa Mutukula na bunduki yake ya marisau kwa sababu anakwenda Kampala kumtembelea shemeji yake na hapendi kuiacha nyumbani. Mkongomani wa Bunia anauliza kama leseni yake inatambulika upande huu. Mwenyeji wa Jinja anapokea barua ya mgeni kutoka Ujerumani anayesema atakuja na raifo kwa ajili ya usalama wake njiani. Jibu fupi kwa wote watatu ni kwamba mtalii haruhusiwi kuingia Uganda na silaha, wala kutoka nayo kwenda nchi jirani, asipokuwa na kibali cha maandishi kilichotolewa kabla hajaanza safari, na kibali hicho hutolewa kwa sababu chache sana. Jibu refu ndilo hili ninaloliandika, ili atakayeuliza tena asome taratibu na asipoteze silaha yake, fedha zake au uhuru wake.

Jambo moja lielewe kabla ya mengine yote: leseni ya silaha haivuki mpaka. Raia wa Uganda, Kenya na Rwanda wanaweza kutembeleana kwa kitambulisho cha taifa, na tangu mwaka 2014 mtalii anaweza kuzunguka nchi hizo tatu kwa viza moja ya pamoja, lakini urahisi huo ni wa mtu na mizigo yake ya kawaida, si wa bunduki. Uganda ina Sheria ya Silaha ya mwaka 1970, Kenya ina yake, Tanzania ilitunga yake mpya mwaka 2015, na kila nchi huhesabu kibali chake peke yake. Ukipita nchi tatu, unahitaji ruhusa za nchi tatu.

Je, unaihitaji kweli?

Ukisema unaibeba kwa ajili ya kujilinda, usitarajie kupewa kibali. Katika mbuga za Uganda ulinzi wa mgeni ni kazi ya askari wa Mamlaka ya Wanyamapori, yaani UWA, pamoja na jeshi na polisi wa utalii. Unapopanda msitu wa Bwindi kuwaona sokwe, askari wenye silaha huandamana na kundi lenu, na wakikutana na tembo mkali ndio wanaojua kupiga risasi hewani ili kumfukuza bila kumjeruhi. Najua watu hawajasahau watalii waliouawa Bwindi mwezi Machi 1999, wala wawili waliouawa pamoja na mwongozaji wao katika Hifadhi ya Queen Elizabeth mwezi Oktoba 2023. Hofu hiyo ni ya haki, nami siidharau. Lakini mgeni mwenye bastola asiyewajua askari, naye asiyejulikana nao, huongeza hatari mahali penye wasiwasi, kwa sababu askari anayemwona mtu na silaha porini hana namna ya kujua kama ni mtalii au ni jangili.

Sababu zinazosikilizwa ni mbili: uwindaji halali ulioandaliwa na kampuni yenye ruhusa, na mashindano ya kulenga shabaha yenye mwaliko rasmi. Hata kwa mwindaji, ushauri wangu wa kwanza huwa ni kukodi bunduki kwa kampuni itakayompokea. Kampuni nyingi za uwindaji zina raifo zilizosajiliwa hapa nchini, zimezoeleka, na risasi zake zipo. Utalipa ada ya kukodi, lakini utaokoa wiki za barua na usiku wa mashaka katika viwanja vya ndege. Ikiwa bado moyo wako uko kwenye bunduki yako mwenyewe, endelea kusoma.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Pasipoti yenye muda wa kutosha, na viza kama nchi yako inahitaji.
- Leseni halali ya silaha kutoka nchi unakoishi, isiyokwisha muda wake hadi utakaporudi nyumbani.
- Barua ya mwaliko kutoka kwa kampuni ya uwindaji au chama cha mchezo wa shabaha, yenye tarehe za kufika na kuondoka.
- Orodha ya kila silaha: aina, kampuni iliyoitengeneza, kaliba (yaani kipenyo cha mtutu) na namba, pamoja na idadi kamili ya risasi.
- Sanduku gumu lenye kufuli, na kasha la pili la kubebea risasi.
- Nakala tano au sita za kila karatasi, kwa sababu kila ofisi itabakiza moja.
- Muda. Anza miezi mitatu kabla ya safari, na usianze chini ya hapo.

Hatua za kufuata

1. Mchunguze mwenyeji wako. Kampuni itakayokupokea ndiyo itakayokuombea kibali, kwa hiyo uhalali wake ndio uhalali wako. Uwindaji wa kitalii ulirudishwa Uganda kwa majaribio mwaka 2001 kuzunguka Ziwa Mburo, na hadi leo unafanyika katika maeneo maalumu tu yaliyotengwa, kamwe si ndani ya hifadhi za taifa. Omba nakala ya ruhusa ambayo kampuni imepewa na UWA, kisha wapigie UWA wenyewe uwaulize kama ruhusa hiyo bado iko hai na ni ya eneo gani. Mwenyeji mwaminifu hatakasirika ukiuliza.

2. Soma namba ya silaha kwenye chuma, usiinakili kutoka kwenye karatasi. Hapa ndipo safari nyingi huharibika, na huharibika kwa herufi moja. Chukua tochi, futa mafuta kwa kitambaa, na uisome namba iliyochongwa kwenye mwili wa bunduki, mara nyingi juu kidogo ya kifyatulio au karibu na mahali mtutu unapoungana na mwili. Tazama vizuri kama ni sifuri au herufi O, kama ni 8 au B, kama ni 1 au I. Piga picha iliyo wazi. Kisha linganisha picha hiyo na leseni yako. Nimewahi kumwona mgeni mwenye raifo nzuri ya .375, leseni halali na kibali halali, ambaye alikaa saa sita kaunta kwa sababu karani wa kwao aliandika 8 badala ya B miaka kumi na miwili nyuma, na kila karatasi iliyofuata ikarithi kosa hilo. Ukiona tofauti, rekebisha leseni kwanza, ndipo uombe kibali.

3. Ombeni kibali cha kuingiza silaha kwa muda. Maombi hupelekwa kwa Polisi ya Uganda, ambayo makao yake makuu yako Naguru, Kampala, na ambayo ndiyo yenye mamlaka juu ya silaha za raia. Kwa kawaida mwenyeji wako ndiye atakayeyapeleka. Hakikisha kibali kinataja kuingia na kutoka, kituo utakachopitia, kila silaha kwa namba yake, na idadi ya risasi. Kibali kinachosema utapitia uwanja wa ndege wa Entebbe hakikusaidii katika mpaka wa Busia. Silaha zinazofyatua risasi mfululizo, na za mfano wa kijeshi, usiziombee kibali wala kuja nazo, maana hazitakubaliwa kwa mtalii.

4. Usinunue tiketi kabla hujakishika kibali. Neno la simu si kibali, na picha ya fomu iliyojazwa bila sahihi wala mhuri si kibali. Maneno ninayoyaogopa kuliko yote ni "njoo tu, tutamaliza hapahapa uwanjani." Kampuni moja ilimwambia hivyo mgeni niliyekuja kumsaidia baadaye, naye akaamini. Bunduki yake ilizuiliwa siku ileile aliyotua, na likizo yake yote ilipita katika ofisi moja hadi nyingine.

5. Fuata njia ya ndege nchi kwa nchi. Uliza mambo mawili: je, sanduku langu litapitishwa moja kwa moja hadi Entebbe, na je, nchi ninayobadilishia ndege inataka kibali cha kupitisha? Uholanzi, kwa mfano, hutaka ruhusa ya kupitisha silaha hata kama sanduku halitoki uwanjani Amsterdam. Ukikata tiketi mbili tofauti, au ukipanga kulala mjini katikati ya safari, utalazimika kuchukua sanduku na kupita nalo forodhani, na hapo utakuwa umeingiza silaha katika nchi ambayo hukuiomba chochote. Njia fupi yenye mabadiliko machache ni bora kuliko tiketi ya bei nafuu.

6. Pata idhini ya shirika la ndege kwa maandishi. Kila shirika lina masharti yake na siku zake za kupewa taarifa mapema, na baadhi hayabebi silaha kabisa. Ikiwa safari ina mashirika mawili, omba idhini ya yote mawili. Chapisha majibu yao, kwa sababu mhudumu wa kaunta saa kumi alfajiri hatakuwa na barua pepe uliyoandikiana na ofisi kuu.

7. Funga mizigo kwa utaratibu. Toa risasi zote, ondoa magazini, yaani kisanduku cha risasi kinachochomekwa kwenye bunduki, na kama ni raifo ya bolti, ile inayofungwa kwa komeo la mkono, ichomoe bolti yenyewe. Chungulia chemba ya risasi kwa macho, kisha ingiza kidole uhakikishe ni tupu. Bunduki ikae ndani ya sanduku gumu lililofungwa kwa kufuli, na ufunguo ubaki nawe. Risasi huwekwa mbali na bunduki, ndani ya katoni zake za kiwandani au kasha imara, na huenda katika mzigo unaokabidhiwa, kamwe si mkononi. Kanuni ya kimataifa ya usafiri wa anga huruhusu kilo 5 za risasi kwa abiria mmoja, uzito wa kasha ukiwemo, na mgao wa watu wawili hauruhusiwi kuunganishwa katika kasha moja. Katoni ya risasi 25 za marisau hupita kilo moja kidogo, kwa hiyo katoni nne ndizo mwisho wa busara. Zipime nyumbani.

8. Tangaza silaha siku ya kuondoka. Fika saa nne kabla ya ndege kuruka. Usifungue sanduku mbele ya watu. Mwambie mhudumu kwa sauti ya kawaida kwamba una silaha ya uwindaji isiyo na risasi, yenye kibali, na unaomba utaratibu wa ukaguzi. Utapelekwa kwenye chumba cha ukaguzi. Usiondoke hapo mpaka uone sanduku limepewa tiketi ya mzigo inayoonyesha kituo cha mwisho ni Entebbe.

9. Ukitua Entebbe, usitoke nje. Baada ya uhamiaji, subiri sanduku lako, kisha nenda moja kwa moja kwa maofisa wa forodha, uwaambie una silaha kabla hawajakuuliza. Polisi wa uwanja watalinganisha namba na kibali na kuhesabu risasi moja moja. Mwenyeji wako awepo akiwa na karatasi za asili. Ikiwa Kiingereza chako ni cha kuvunjika, ongea Kiswahili bila haya: ndiyo lugha iliyozoeleka tangu zamani katika jeshi na polisi ya Uganda, na "afande, naomba kutangaza silaha" itakufikisha unakotaka.

10. Barabarani, silaha ibaki imefungwa. Sanduku liwe nyuma ya gari, limefungwa kwa kufuli, na kibali kiwe karibu na mkono wako. Msizunguke nayo mijini na msiilaze hotelini bila mpango uliokubaliwa na mwenyeji na polisi. Ikiwa njia yenu inapita ndani ya hifadhi ya taifa, ombeni maelekezo ya UWA kabla ya kufika langoni, kwa sababu kuwa na silaha ndani ya hifadhi bila ruhusa ni kosa hata kama hukufyatua chochote. Karamoja kunahitaji uangalifu zaidi: tangu Julai 2021 jeshi na polisi wamekuwa wakikusanya silaha kwa operesheni iliyopewa jina la Usalama kwa Wote, na mtu mwenye bunduki asiyefahamika huko hatachukuliwa kuwa mtalii.

11. Wakati wa kutoka, toa hesabu. Weka daftari la risasi: ulizoingia nazo, ulizofyatua, zilizobaki. Usimwachie mwongozaji wako risasi kama zawadi, na usimuuzie mtu yeyote bunduki, hata akikusihi. Ulichoingia nacho, toka nacho, isipokuwa risasi ulizotumia.

Kwa wanaovuka kwa gari

Mutukula, Busia, Malaba, Katuna, Mpondwe na Elegu hufuata kanuni ileile, ila hapo unahitaji pia kibali cha kutoa silaha kutoka nchi unayoondoka, kwa sababu utahojiwa kwanza na upande wako. Mtanzania anayekwenda Uganda kwa kupitia Kenya atambue kwamba anaingiza silaha Kenya, nchi iliyopiga marufuku uwindaji wa kitalii tangu mwaka 1977, na sababu ya uwindaji haitamsaidia huko. Apite Mutukula.

Kwa Mganda mwenye leseni anayekwenda Nairobi au Kigali kwa biashara au arusi, njia nyepesi ni kuiacha silaha. Iombee hifadhi katika kituo chako cha polisi, na usiondoke bila stakabadhi yenye namba ya silaha na idadi ya risasi. Usimwachie ndugu ufunguo wa kabati, hata akiwa mtu mzima na mwaminifu, kwa maana leseni ina jina lako, si lake.

Makosa ninayoyaona mara kwa mara

Nguo ndilo kosa linalowashangaza wengi. Wawindaji wa Ulaya na Marekani hupenda suruali na kofia za mabakamabaka, lakini Uganda raia haruhusiwi kuvaa wala kumiliki mavazi yanayofanana na ya jeshi. Leta kaki au kijani kibichi kisicho na madoa.

Kosa jingine ni risasi iliyosahaulika, na hili naomba ulisome mara mbili. Mzee mmoja wa Arusha, mtu wa heshima na mwindaji wa miaka mingi, alikuwa amekuja bila bunduki kabisa. Alitaka tu kuona sokwe. Siku ya kurudi, katika kizuizi cha kwanza cha Entebbe ambapo abiria hushuka garini na kupita ukaguzi kwa miguu, mashine ilionyesha kitu katika mfuko wa ndani wa koti lake la porini. Askari kijana akalitoa koti, akapapasa bitana, akatoa risasi moja ya marisau, plastiki nyekundu iliyopauka, kitako cha shaba kimeota ukungu wa kijani. "Mzee, hii ni yako?" Mzee aliitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Afande, ni yangu, lakini nilidhani nilishaipiga." Walimtendea kwa adabu, lakini aliandika maelezo, alikosa ndege, na alilala Entebbe siku mbili huku nakala ya leseni yake ikitafutwa. Kabla ya safari yoyote, hata usiyobeba silaha, geuza mifuko ya koti, pindua begi, papasa bitana. Afadhali utumie begi ambalo halijawahi kwenda porini.

Bunduki za upepo, bastola za kuchezea za watoto na zile za mapambo zinazofanana na za kweli nazo zisisafiri. Kwenye mashine ya ukaguzi zote zina umbo moja.

Mambo yakikwama

*Sanduku la bunduki halikufika.* Usitoke uwanjani. Andikisha taarifa kwa shirika la ndege na kwa polisi wa uwanja palepale, ukitaja kwamba ndani yake mna silaha. Likifika baadaye, lipokee wewe mwenyewe na kibali chako, wala usikubali liletwe hotelini na dereva.

*Namba hailingani na kibali.* Usibishane na usijaribu kueleza kwamba ni kosa dogo. Omba silaha ihifadhiwe na polisi kwa stakabadhi, kisha mwenyeji aende Naguru na picha ya namba na leseni ya asili kuomba marekebisho. Wakati huo winda kwa bunduki ya kukodi.

*Muda wa kibali unakwisha kabla ya safari.* Omba kuongezewa kabla ya tarehe ya mwisho. Kibali kilichokwisha hata kwa siku moja ni sawa na kutokuwa nacho.

*Mtu anadai fedha bila risiti.* Uliza kwa upole ada hiyo inaitwaje na inalipwa benki gani, kisha omba kumwona mkuu wa zamu. Mwenye karatasi kamili anaweza kusubiri.

*Umegundua risasi begini ukiwa tayari njiani kwenda uwanjani.* Usiitupe barabarani, ambapo mtoto anaweza kuiokota, na usiifiche garini. Simama katika kituo cha polisi kilicho karibu, eleza ilivyotokea, ikabidhi, uchukue maandishi ya kuipokea, na umpigie mwenyeji wako kabla hujaendelea na safari.